Ninyang'anyeni ufunguo wa hifadhidata

Kuna jambo linanikera kazini na leo nalitoa. Kila nikiuliza tutazuiaje mtu kuharibu hifadhidata kwa bahati mbaya, jibu ni lile lile: "Tuwe makini tu." Haya, sikieni.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi mmoja wa GitLab alikuwa akihangaika na seva mbili za PostgreSQL. Moja ndiyo kuu, ya pili ni ya kunakili tu, na hiyo ya pili ilikuwa imekwama. Akaamua kuifuta data yake aanze upya. Amri aliiandika sawasawa, ila kwenye dirisha la seva kuu! Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya GB 300 hivi, zilibaki 4.5.

Nakala za akiba je? Programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hivyo ilishindwa kila siku, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Mtu huyo hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka, kama mimi na wewe.

MySQL ina swichi inayoitwa safe-updates, ambayo jina lake la utani ni i-am-a-dummy, yaani "mimi ni mbumbumbu". Ukiiwasha, inakataa UPDATE au DELETE isiyo na WHERE inayotumia ufunguo wa jedwali, wala LIMIT. Mimi nimeiwasha na sioni haya. Lakini swichi hiyo iko kwenye kompyuta yangu, naweza kuizima nikiwa na haraka. Ndiyo maana niliomba ninyang'anywe ruhusa kwenye seva yenyewe.

Sisi tunatunza programu ya chama cha akiba na mikopo. Humo mna karo za watoto wa watu. Sasa akaunti yangu ya kila siku ina SELECT peke yake. Nikitaka kubadilisha kitu naandika amri kwenye faili, mwenzangu anaisoma, anaanza na BEGIN, anaangalia ni safu ngapi zimeguswa, ndipo anaandika COMMIT au ROLLBACK. (Watu wa MySQL, msidanganyike: DROP TABLE haingoji COMMIT yenu. PostgreSQL hukubali kuirudisha.)

Bosi analalamika kwamba tumekuwa wapole kama kobe. Kweli, Ijumaa iliyopita mwanachama alingoja karibu saa nzima ili namba yake ya simu irekebishwe, kwa sababu mwenzangu alikuwa kwenye matatu, njiani kwenda ushago. Nimeomba tuongezewe mtu wa tatu wa kuidhinisha. Ruhusa yangu, hapana, isirudishwe.