Nambari ya kumbukumbu isipotee njiani

Wasomaji wangu, leo tuziache kidogo habari za simu mpya. Nataka tuongee juu ya katibu wa mkutano, mtu ambaye alitunza data vizuri kabla yetu sisi wenye digrii za kompyuta.

Hebu tazama kumbukumbu za mkutano wowote. Utakuta tarehe na mahali, waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa. Kisha kila jambo lina nambari yake, tuseme KUMB 4/3/2024. Mkutano unaofuata huzisoma, mmoja hupendekeza zithibitishwe, mwingine huunga mkono, halafu mwenyekiti na katibu hutia sahihi. Kabla ya hapo ni rasimu tu. Mtengenezaji programu akiona hivyo anajua: hii ni hifadhidata, na kila jambo lina kitambulisho chake.

Usizichanganye na Hansadi. Kumbukumbu huandika kilichoamuliwa. Hansadi huandika kilichosemwa na nani, ikinakiliwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa. Bunge la Kaunti ya Kitui, kaunti yenye wadi 40, na lile la Makueni, yenye wadi 30, yalianza mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010. Ibara ya 196 inayataka yaendeshe shughuli zake kwa uwazi.

Sasa shida iko wapi? Iko huku chini. Makueni, wakati wa gavana Kivutha Kibwana (2013 hadi 2022), ilijulikana kwa mikutano ya wananchi iliyoanzia kijijini, ikapanda hadi wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti nzima. Mpango mzuri sana. Lakini fikiria safari ya ombi moja. Mama anasimama kijijini na kuomba, kwa Kikamba, bwawa la mchanga kwenye mto fulani. Katibu anaandika kwa Kiingereza. Ngazi ya pili wanafupisha. Ngazi ya tatu wanaunganisha na maombi mengine. Likifika juu limekuwa "miradi ya maji". Mama akiuliza ombi lake liliishia wapi, nani atamjibu?

Wengi hapo watasema tutengeneze app. Mimi nasema tuanze na nambari. Ombi lipewe nambari kijijini, na kila ngazi iandike nambari hiyo hiyo pamoja na uamuzi: limepita, limeahirishwa, limekataliwa, kwa sababu gani. Daftari linatosha. Baadaye kompyuta itafuata nambari bila taabu, hata kwa SMS. Ila tafadhali, faili ziwe za maandishi yanayotafutika, si picha za karatasi zilizopigwa skani!

Haki tunayo tayari. Ibara ya 35 inatupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la kawaida. Lakini ni rahisi zaidi kuuliza ukiwa na nambari mkononi.

Watu wa Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi, mkutano ujao muulizeni katibu: hili letu ni KUMB ngapi?