Kauri Ndani ya Injini ya Rota: Somo Nililolipia Mwenyewe

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu tuongee injini. Usijali, kompyuta itaingia tu, na itaingia kwa aibu.

Kaka yangu alipokwenda kufanya kazi Qatar mwaka 2021 aliniachia Mazda RX-8 yake na sharti moja: "Pima oili kila ukijaza petroli." Injini hiyo huchoma oili kwa makusudi, pampu ndogo huidondosha ndani ili kulainisha sili. Mimi na digrii yangu tukaona hayo ni maneno ya watu wa zamani. Baada ya muda gari likaanza vituko: asubuhi linawaka vizuri, lakini ukilizima likiwa moto haliwaki tena mpaka lipoe. Wanaozijua injini hizi wameshaelewa. Kompresheni ilikuwa imekwisha, na kaka alikuwa amebakisha miezi minne arudi.

Kwa wasiozijua: injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ile ya rota, iliyotokana na kazi ya Mjerumani Felix Wankel na ikaanza kuuzwa ndani ya gari la NSU Spider mwaka 1964, ina pembetatu ya chuma inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobonyea kiunoni. Kila ncha ya pembetatu ina sili inayosugua ukuta muda wote. Shafti ikifika mizunguko 9,000 kwa dakika, rota yenyewe inazunguka mara 3,000. Zaidi ya msuguano kuna tatizo la joto. Nafasi ya kuchomea ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo ukuta ni mwingi na gesi ni kidogo. Joto ambalo lingesukuma gari linapotelea kwenye maji na oili.

Hapo ndipo nikapata "wazo". Kwa nini nisipake kauri ndani? Zirkonia hupitisha joto kwa takriban wati 2 tu kwa mita kwa kila digrii, hali alumini safi hupita 200. Joto likizuiwa lisitoroke, nguvu zitaongezeka! Nilikuwa na laki moja na nusu niliyoweka akiba kununua laptopu, maana ninayofanyia kazi ilikuwa inajizima yenyewe. Nikasema bora nimrudishie kaka gari lenye nguvu kuliko alivyoliacha, huenda hata asiulize habari za oili.

Nikaketi usiku mbili nikaandika programu ya Python ya kuiga mzunguko mmoja wa injini. Nikaweka mpako, grafu ikapanda. Nikaichapisha nikampelekea mzee wa gereji kama mtu anayepeleka barua ya posa.

Mzee aliitazama karatasi, akafuta mikono, akaniuliza swali moja: "Kijana, hewa inayoingia imekuta ukuta wa namna gani?"

Nilirudi nyumbani nikafungua programu. Joto la hewa inayoingia nilikuwa nimeliandika kama namba isiyobadilika. Yaani ukuta wangu ulikuwa unawaka moto wakati wa kuchoma, halafu hewa mpya inaingia kana kwamba haujui ukuta huo! Nilipoziunganisha hizo sehemu mbili, faida kubwa ikayeyuka. Uso wenye kauri hubaki moto, unaipasha hewa inayoingia, hewa inapanuka na kupungua uzito, na petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake. Tena joto lililookolewa, sehemu yake kubwa hutokea kwenye ekzosi badala ya kuzungusha shafti.

Kisha nikagundua kosa la pili, nalo ni baya zaidi: nilikuwa nachanganya kauri za aina mbili. Kuna kauri ya kuzuia joto, kama zirkonia, na kuna kauri ya kuzuia kuchakaa. Hii ya pili ndiyo imezisaidia sana injini za rota. Nikasil, mpako wa nikeli wenye chembe za silikoni kabaidi uliobuniwa na Mahle miaka ya 1960, ulilenga ukuta ambao sili inasugua. Na Mazda 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rota nne ilikuwa na sili za kauri.

Zirkonia ukiipaka kwenye rota ya chuma cha kusubu ina nafuu, kwa kuwa viwili hivyo hupanuka karibu sawa vikipata joto. Alumini hupanuka takriban mara mbili ya zirkonia. Mpako usiofungwa vizuri hubanduka, na kipande kigumu kikishaingia katikati ya sili na ukuta, kazi imekwisha. Nilipomweleza mzee haya yote alicheka. "Kaka yako alikuachia gari," akasema, "hakukuachia maabara."

Basi laki yangu na nusu ilikwenda kwenye sili mpya, springi zake, gasketi na kazi ya mzee. Kauri tulipaka mahali pamoja tu, mabomba ya ekzosi upande wa nje, ili joto lisijae chini ya boneti. Laptopu ningali nayo ile ile, na ninapoandika haya imeshajizima mara moja.

Kaka alirudi Desemba. Nilimweleza ukweli kabla hajapewa ufunguo. Alinyamaza kwa muda, akafungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha na kukivuta tena. Akanionyesha alama. Ilikuwa juu. Halafu akasema, "Sasa endesha wewe."

Ndugu msomaji, kabla hujaiamini grafu yako, tafuta ile namba uliyoiandika tu ili programu ikubali kukimbia. Na pima oili. Tuonane wiki ijayo.