Zana gani ya kujaribu programu za simu? Anza na mkebe wa mweka hazina

Swali ninaloulizwa sana siku hizi, na vijana waliotoka chuoni juzi na hata wenzangu wa kazi, ni hili: kaka, zana gani ni bora ya kujaribu programu za simu kwa otomatiki? Wanataka jina moja tu. Ukiwatajia wanaipakua usiku huohuo, halafu wiki mbili baadaye wanakuambia majaribio hayaaminiki na wameyatupa yote.

Kwangu mimi jina la zana ni jambo la tatu au la nne. La kwanza ni kujua unaogopa nini kiharibike, na kikiharibika ni nani atakayeumia. Wacha niwaeleze tulivyofika kwenye zana tunazotumia kazini, kisha kila mtu apime kwa mizani yake.

Kampuni ninayofanyia kazi ni ndogo, tuko watu wanne. Mwaka juzi tulikabidhiwa programu iliyotengenezwa na watu wengine, tuiendeleze. Ni programu ya vyama vya akina mama: siku ya mkutano kila mwanachama anatoa mchango, mweka hazina anauingiza kwenye simu, na kila mtu anaona hesabu yake. Mwezi wa kwanza tu nikapigiwa simu Jumapili jioni na mweka hazina wa chama kimoja cha Ukambani. Wanachama 24 walikuwa wametoa shilingi 1,000 kila mmoja. Programu ikasema zimechangwa 26,000. Kwenye mkebe zilikuwapo 24,000.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii kazi nimeishika miaka saba. Leo simu imenifanya mwizi mbele ya wenzangu."

Sababu yake ni ile inayojulikana na kila mtu aliyewahi kuandika programu ya kutumika mahali mtandao unakujakuja. Simu inatuma ombi, seva inalipokea na kuandika mchango, halafu mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu inadhani ombi limepotea, inatuma tena. Seva nayo inadhani huu ni mchango mpya. Dawa yake ni ya zamani: kila mchango upewe namba yake ya pekee kwenye simu, na seva ikiona namba ileile mara ya pili ijibu "nimeshaandika" na isiongeze kitu. Kazi ya alasiri moja. Kilichobaki kutuumiza kichwa ni hiki: tutajuaje kwamba hitilafu hii haitarudi kimyakimya miezi sita baadaye, mtu akigusa sehemu nyingine kabisa?

Wakati huo majaribio yote yalikuwa mikononi mwa dada mmoja tunayefanya naye kazi. Alikuwa na simu nne mezani na orodha ndefu ya hatua kwenye daftari, na kila toleo lilimchukua siku moja na nusu. Ni mtu makini kuliko sisi wote. Lakini binadamu akirudia hatua zilezile mara ya thelathini macho yanachoka, na kukata mtandao kati ya ombi na jibu ni jambo la sehemu ya sekunde, ambalo kidole hakiwezi kulilenga. Nilipoanza kuzungumza habari za otomatiki aliniuliza swali moja: "Mkishapata hiyo mashine, mimi mtanipeleka wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nitarudi hapo.

Sasa tuzitazame zana zenyewe. Ukiondoa majina na matangazo, ziko aina chache tu.

Kuna zinazokaa ndani ya programu yako. Kwa Android ni Espresso, ambayo Google waliitoa mwaka 2013. Kwa iPhone ni XCUITest, iliyokuja na Xcode 7 mwaka 2015. Hii huiendesha programu kutoka upande wa pembeni kidogo, lakini huandikwa humohumo kwenye Xcode na kwa lugha ileile. Uzuri wa Espresso ni kwamba inajua programu iko na shughuli au imetulia, kwa hiyo inangoja yenyewe kabla ya kubonyeza. Ni ya haraka. Ubaya wake ni kwamba lazima uandike Kotlin au Java, na haioni chochote kilicho nje ya programu yako.

Kuna zinazoshika simu kwa nje kama mtumiaji. Mkubwa wao ni Appium, ambayo mizizi yake ni kazi ya Dan Cuellar mwaka 2011, na ilifika toleo la 2.0 mwaka 2023. Inatumia itifaki ileile ya WebDriver inayoendesha vivinjari, kwa hiyo unaweza kuandika kwa Python, Java, JavaScript au nyingine, na majaribio yaleyale yakahudumia Android na iPhone kwa sehemu kubwa. Gharama yake ni mwendo na matengenezo: kuna seva katikati, madereva na matoleo ya kulinganisha. Ndugu yake mdogo ni Maestro, iliyotoka mwaka 2022. Huko hatua zinaandikwa kwenye faili fupi ya YAML: fungua programu, bonyeza hapa, andika hiki, hakikisha kile kinaonekana. Anayejua kuandika orodha ya hatua anaweza kuisoma.

Halafu kuna majaribio yasiyogusa skrini kabisa: ya hesabu, ya seva, ya kuhifadhi data. Yanakwenda kwa sekunde chache kwenye kompyuta. Mike Cohn alilichora wazo hili kama piramidi katika kitabu chake cha mwaka 2009: haya yawe mengi chini, yale ya skrini yawe machache juu. Wengi wetu tunaigeuza kichwa chini kwa sababu jaribio la skrini linapendeza kulitazama likijibonyeza lenyewe.

Sisi tulijiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: nani atayaandika na kuyatunza? Kama ni mimi peke yangu, siku nikienda likizo yanakufa. Hapo Maestro ikapata alama, kwa sababu yule dada angeweza kuyaandika mwenyewe siku ileile.

Swali la pili: watumiaji wana simu gani? Wetu karibu wote wana Android, na nyingi ni Tecno, Infinix na itel zenye kumbukumbu ndogo. Basi XCUITest tukaiweka kando, na mashine ya majaribio tukaipa simu mbili za bei nafuu badala ya moja ya kifahari. Simu ya kuigiza iliyo kwenye kompyuta nayo ina faida yake: unaweza kuiwasha kwa `-netspeed edge -netdelay gprs` ukapata mtandao wa kijijini ukiwa mjini.

Swali la tatu: zana ikifa tutafanyaje? Hili watu hawaliulizi. Miaka ya nyuma Calabash ilikuwa na mashabiki wengi. Microsoft waliinunua Xamarin mwaka 2016, na mwaka 2017 waliokuwa wakiitunza wakatangaza kwamba wanaacha. Huduma ya Visual Studio App Center, ambako watu waliendesha majaribio kwenye simu za mbali, ilistaafishwa tarehe 31 Machi 2025. Kwa hiyo tuliamua kwamba majaribio yanayolinda pesa hayatategemea zana ya skrini hata moja. Yatakaa chini ya piramidi. Maestro ikizimwa kesho tutapoteza faili chache za hatua, na kinga ya hesabu itabaki.

Swali la nne lilikuwa M-Pesa. Baadhi ya vyama sasa vinachanga kwa M-Pesa, na dirisha la kuweka PIN halitoki kwenye programu yako. Linatoka kwenye laini. Espresso hailioni, na simu ya kuigiza haina laini ya Safaricom. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima wakitaka roboti ibonyeze PIN. Achana nayo. Kata jaribio lako mpakani: tengeneza seva bandia inayoigiza majibu, kisha uipime programu yako kwa kila jibu. Namba 0 maana yake malipo yamekubaliwa. Namba 1, salio halitoshi. 1032, mteja amekatiza mwenyewe. 1037, simu ya mteja haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Na lile la tano ambalo wengi wanalisahau: jibu lisilokuja kabisa. Programu inayomwonyesha mteja "imeshindikana" wakati kweli haijui ni hatari, maana atalipa tena. Iseme "tunasubiri", iache alama, ikaulize baadaye.

Ile hitilafu ya mkebe tuliinasa hivyohivyo. Tulitumia MockWebServer, inayokuja na OkHttp. Unaweza kuiamuru ipokee ombi halafu ikate mawasiliano kabla ya kujibu, yaani ule mlima wa Ukambani ndani ya kompyuta. Jaribio linaangalia kwamba ombi la pili limebeba namba ileile ya mchango. Jaribio lingine upande wa seva linatuma ombi moja mara mbili na kuangalia kwamba mstari ulioandikwa ni mmoja. Yote mawili hayafiki sekunde tano. Ndiyo majaribio ninayoyapenda kuliko yote tuliyo nayo, na hayana skrini ya kutazama.

Mambo mawili ya kutahadhari, maana ndiyo yanayowakatisha watu tamaa.

La kwanza ni majaribio yanayoyumba: leo yanapita, kesho yanaanguka, na hakuna aliyegusa kitu. Usidhani ni umaskini wetu. Mwaka 2016 Google wenyewe waliandika kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kuyumba kwa kiasi fulani. Mara nyingi mchawi ni kungoja kwa kubahatisha: mtu anaandika "lala sekunde tatu", na siku simu ikiwa nzito sekunde tatu hazitoshi. Ngojea kitu kionekane, usingojee saa. Na jaribio linaloyumba liondoe kwenye njia ya kutoa toleo mpaka litibiwe, kwa sababu watu wakizoea kupuuza taa nyekundu moja, watazipuuza zote.

La pili ni kutafuta vitufe kwa maandishi yake. Programu yetu ina Kiswahili, Kiingereza na Kikamba. Ukiandika "bonyeza Hifadhi", mtu akibadili lugha jaribio linaanguka bure. Kipe kila kitufe kitambulisho chake kisichobadilika. Vilevile picha na alama zisizo na maneno zipe maelezo yanayosomeka na TalkBack. Roboti inayashika, na mtumiaji asiyeona naye anafaidika.

Sasa nirudi kwa yule dada. Majaribio yalipokamilika, raundi nzima ilichukua chini ya robo saa. Bosi akapiga hesabu haraka: siku moja na nusu imekuwa robo saa, basi mshahara mmoja umepatikana. Alisema hivyo mkutanoni, dada mwenyewe akiwa ameketi hapo. Nikaomba tumpe wiki mbili asiguse ile orodha ya zamani, aende na simu kwenye mikutano ya vyama akatazame tu.

Alirudi na daftari jipya. Mkutano unafanyika chini ya mwembe saa nane mchana, na kwenye jua rangi ya kijivu tuliyoiweka haisomeki. Mweka hazina mmoja simu yake imepasuka kioo pembeni, palepale tulipoweka kitufe cha kuhifadhi. Mwingine huweka mchango kwa kumpa mjukuu wake simu, na mjukuu hajui nani ni nani kwa sababu wanachama watatu wanaitwa jina moja na programu haionyeshi la pili. Kila jaribio letu lilikuwa la kijani wakati huo wote.

Bosi alisoma daftari lile akanyamaza. Dada yuko nasi bado. Faili za Maestro ni zake, na siku anazookoa anazitumia nje. Sisemi kila ofisi itaamua hivyo. Ukileta otomatiki mahali, mtu atapiga hesabu ile aliyoipiga bosi wetu, na wewe uliyeileta ndiye unayejua mashine haioni nini. Kama hutasema, hakuna atakayesema.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka jina la zana, fanya hivi kwanza, na ni bure. Leo unganisha simu yako na kompyuta, uandike `adb shell monkey -p` kisha jina la kifurushi cha programu yako kisha `-v 500`. Android itaibonyezabonyeza ovyo mara 500 kama nyani. Itazame inavyoanguka. Halafu chukua karatasi uandike mambo matatu tu ambayo yakiharibika mtu atapoteza pesa au jina lake. Andika majaribio ya hayo matatu, chini kabisa ya piramidi kadiri inavyowezekana. Ukimaliza, zana ya skrini utaichagua mwenyewe kwa kuangalia nani ataitunza.

Nikipata wasaa wiki ijayo nitaandika tulivyoiweka seva bandia ya M-Pesa, hatua kwa hatua. Kwa leo naishia hapa, bando linaisha na bado nina toleo la kutuma. Kazi njema.