Harufu Isiyopaza Sauti

Nyumbani kwetu, Mji wa Kale, kila harufu ilikuwa na mwenyewe. Mafuta ya udi na miski yalikuwa ya Baba, akijipaka kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Asumini na mawaridi yalikuwa ya Mama. Kwa hivyo kaka yetu aliporejea safarini na chupa moja ya manukato ya airisi, akasema ni ya wazee wote wawili, sisi mabinti watatu tulicheka.

Baba alinusa, akakunja uso. "Hii ni poda ya mtoto mchanga." Mama akaipokea chupa, akanusa kwa utulivu. "Mimi nasikia udongo ulionyeshewa mvua."

Wote wawili walisema kweli. Manukato haya kwa kawaida hayatokani na ua la airisi, bali na shina lake nene linalotambaa ardhini mfano wa tangawizi. Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Florence, Italia, shina hilo huachwa ardhini kiasi cha miaka 3. Kisha huchimbwa, humenywa, hukaushwa na kuwekwa miaka mingine kama hiyo. Likiwa bichi halina harufu ya kusifiwa. Uzuri wake huja kwa kungoja, na ndiyo sababu bei yake ni kubwa. Zamani watu wa Ulaya walilisaga wakautia unga wake katika poda za uso na za nywele. Baba, bila kujua, alikuwa ameitaja historia yake.

Wala si harufu ya wanawake peke yao: mwaka 2005 kampuni ya Dior iliifanya kiini cha manukato yake ya kiume. Tabia yake ni ya upole na ubaridi. Haina utamu mwingi, wala haimtangulii mwenyewe mlangoni, humngoja anayekaribia.

Hazikupita wiki nyingi, Baba akaanza kujitia kwa siri. Juu yake ilinukia kama mti mkavu. Juu ya Mama, aliyeitumia nyumbani tu, ililainika kama unga. Tukizoea kumsikia mmoja wao chumbani kabla hatujamwona, na mara nyingine tukikosea ni nani.

Kisha Baba akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama akakaa eda, miezi 4 na siku 10, bila pambo wala manukato. Chupa ilibaki kabatini, nusu yake imetumika. Jikoni tulibishana kwa kunong'ona. Mmoja wetu alitaka itolewe isije ikamtonesha kidonda. Mwingine akasema hatuna haki ya kumtolea mtu kitu chake. Mwishowe tuliificha chini ya vitambaa, tukaiita hiyo suluhu.

Eda ilipokwisha, Mama alioga, udi ukafukizwa, naye akaiulizia chupa. Tukatazamana.

"Mlidhani nitaumia?" alisema. "Kuumia nimeshaumia, wanangu. Ileteni."

Alijitia tone moja mkononi, akanyamaza muda mrefu. Hatukuthubutu kumsemesha. Ndipo tulipofahamu kwamba tulichokuwa tukikilinda ni woga wetu, si moyo wake.

Baadaye tulisoma kwamba iko airisi nyeupe yenye asili ya Bara Arabu, ambayo Waislamu wa zamani waliipanda makaburini, na mpaka leo huota katika maziara ya kale ya nchi nyingi. Tulipomsimulia Mama, alitikisa kichwa taratibu, akaendelea kushona.

Chupa sasa imebakiwa na kadiri ya kidole kimoja. Tulimwambia tutamtafutia nyingine, akakataa. "Ikiisha, imeisha," alisema. Siku za Ijumaa, adhuhuri ikikaribia, huifungua, akajitia kidogo mno, akamwombea Baba dua. Sisi humsogelea ili tuisikie.