Matembezi katika Bonde la Mto Severn

Nilipopelekwa Uingereza kwa masomo mafupi ya kazi za ofisi, rafiki zangu wengi waliniagiza niwaletee habari za London. Mimi nilipendelea kwenda kwingine. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilipanda treni kutoka Birmingham hadi Telford, kisha basi, nikateremka Ironbridge, mji mdogo ulioning'inia juu ya Mto Severn katika bonde jembamba lenye miteremko mikali. Jina lake maana yake ni Daraja la Chuma. Hapo wageni hutembezwa kwa miguu na mtu anayepajua mahali, ili waione misitu na mto pamoja na kazi zilizofanywa zamani.

Tulikuwa watu tisa. Kiongozi wetu alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mipana, ambaye katika ujana wake alikuwa fundi wa kusubu chuma.

Alituanzia Coalbrookdale, mbele ya tanuri kuukuu la mawe na matofali. Hapo ndipo Abraham Darby, mtu wa dhehebu la Quaker aliyetoka Bristol, alipofaulu mwaka 1709 kuyeyusha chuma bila kuni wala makaa ya miti. Alitumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa salfa, kwa maana salfa hukifanya chuma kuwa chepesi kuvunjika. Na chuma hicho alikifanyia nini? Alisubu masufuria! Naam, vyombo vya kupikia vya watu wa kawaida, akivimimina katika kalibu za mchanga. Nilicheka kidogo, kwani nilikuwa nikitarajia mizinga.

Tukashuka hadi mtoni kulitazama daraja lenyewe. Lilisimamishwa mwaka 1779 na mjukuu wake, aliyeitwa pia Abraham Darby, likafunguliwa siku ya kwanza ya mwaka 1781. Upana wa tao lake ni kama mita 30, na chuma chake chapata tani 378. Mzee alituonyesha jinsi vipande vilivyounganishwa: ulimi umeingia katika tundu, na kabari zimepigwa kukaza, sawasawa na kazi ya seremala. Wakati ule hapakuwa na desturi ya kujenga daraja kubwa la chuma, kwa hiyo mafundi waliazima akili ya mbao. Mwaka 1795 mafuriko makubwa yaliharibu madaraja mengi ya mto huo, lakini hili halikudhurika. Hata hivyo mwenye kulijenga hakutajirika. Gharama zilizidi makadirio, naye alibaki na madeni hadi alipofariki mwaka 1789.

Penye kibanda cha ushuru pana ubao wa bei, nao watangaza kwamba hata askari aliye kazini na jamaa ya mfalme watalipa. Magari yalikatazwa kupita mwaka 1934, na wapita njia waliendelea kutozwa hadi mwaka 1950. Sisi tulipita bure. (Mimi niliye karani nilisoma ubao huo wote tangu mwanzo hata mwisho, wenzangu wakaningoja.)

Ng'ambo ya pili ni msitu wa Benthall Edge. Harufu ya kitunguu saumu mwitu ilitujia kabla hatujafika chini ya miti. Mzee aliokota jiwe la chokaa, akatuonyesha alama za viumbe vya baharini. Mawe hayo yalifanyika zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, nchi hiyo ilipokuwa chini ya bahari, kusini ya Ikweta. Nayo ndiyo yaliyotiwa tanurini pamoja na mawe ya chuma ili kutenga taka. Mahali palipochimbwa pameota miti, hata mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba palipata kuwa na mashimo na moshi.

Lakini bonde hilo halijatulia. Udongo wake huteleza. Mwaka 1952, huko Jackfield, mlima ulisogea ukabomoa nyumba za watu. Sisi wa Murang'a twajua maporomoko ni nini, nami nilijikuta nikiitazama miteremko ile kwa wasiwasi kuliko wenzangu.

Nilimwuliza mzee kama anafurahi kuona miti imerudi. Akasema ndege anawapenda, ila kiwanda cha mwisho cha kusubu chuma pale Coalbrookdale kilifungwa mwaka 2017, na mwanawe hakupata wa kumrithisha ufundi. Akaendelea kutembea.

Maneno hayo yalinifuata hadi nyumbani. Wahenga wetu wa Kikuyu nao waliosha mchanga mweusi wa chuma mitoni, wakauyeyusha kwa makaa ya miti na mivukuto ya ngozi. Niliporudi nilimwendea baba mkubwa nikamwuliza matanuri yalikuwa wapi. Alinipeleka katika shamba la mtu, kando ya kijito, akasukuma majani kwa fimbo. Mavi ya chuma yalikuwa yametapakaa chini, meusi, mazito. Mwenye shamba alitushangaa. Alikuwa akiyaokota na kuyatupa mtoni kwa sababu yanaharibu jembe lake. Nilimwomba aniachie yaliyosalia, akakubali, na moja liko mezani pangu ninapoandika haya.