MAISHA YA NESI, SEHEMU YA 9: Kukatwa umekatwa, kuletwa haijaletwa

Wengi mmeniuliza kwa nini niliondoka kwenye kile kituo cha afya cha shirika, wakati kila siku nakisifia. Leo nasema. Nimetoka zamu, chai iko mezani, tuanze.

Pale niliajiriwa na diploma yangu ikiwa bado inanukia wino. Lilikuwa shirika lisilo la kiserikali, wafadhili wako nje. Mshahara laki sita. Kila mwisho wa mwezi napewa slipu: NSSF 60,000, PAYE 24,000, kinachobaki ni changu. Mkurugenzi wetu alikuwa mama mtu mzima, sote tulimwita Mama. Mgonjwa asiye na hela harudishwi. Mtu kama huyo utaanzaje kumdai akuonyeshe karatasi?

Basi bwana, nikapata ujauzito. Mwezi wa saba nikaenda NSSF kuulizia fao la uzazi. Nilishasoma masharti: uwe na michango isiyopungua 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Mimi kazini nina miezi 41, kwa hiyo niliingia kifua mbele. Ile hela nilishaipangia kazi, kodi ya nyumba ya miezi sita.

Dada wa dirishani akaangalia kompyuta, akaangalia tumbo langu, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, hapa naona michango 19."

Nikatoa slipu zangu zote, nimezibana vizuri. "Dada, mimi nakatwa kila mwezi. Ona."

Akazipitia taratibu. "Kukatwa umekatwa. Kuletwa haijaletwa."

Jamani, niliketi pale kwenye benchi kama mgonjwa.

Kesho yake nikaenda kwa mhasibu. Akanijibu, "Sista, sisi siyo kampuni. Sisi ni shirika la msaada, hatufanyi biashara, haya mambo ya makato na kodi hayatubani sana."

Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nisikilizeni. Shirika kuwa na cheti cha Msajili wa NGOs hakulifanyi lisamehewe kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani inaombwa TRA, na TRA ndio wanaoamua. Na hata likiipata, PAYE siyo kodi ya shirika. Ni kodi yangu mimi mfanyakazi. Mwajiri ni mbebaji tu: anaikata na kuifikisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. NSSF hivyo hivyo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mimi 10 na mwajiri 10, na anatakiwa aupeleke ndani ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo kwa miezi 22 iliyokosekana, 1,320,000 ilitoka mfukoni mwangu, na nyingine kama hiyo ilitakiwa itoke kwao.

Jioni Mama akaniita. Nilijiandaa kugombana, lakini hakukana hata kidogo. Akafungua faili, akanionyesha risiti: oksijeni, sindano za kuzuia damu baada ya kujifungua, dawa za kifafa cha mimba. Mfadhili alichelewesha fedha, duka la dawa likagoma kukopesha.

"Mwanangu, ulitaka niwaache akina mama wafe?"

Nilikosa jibu. Zile dawa nilizichoma mimi, kwa mikono yangu hii. Kuna mama mmoja aliletwa usiku anadegedega, akatoka mzima na mtoto wake. Kumbe kodi yangu ya nyumba ndiyo ilikuwa ndani ya ile sindano.

Nililala na hilo swali siku nyingi. Jibu nililipata wodini. Dawa ya kitanda namba 4 ikiwa imelipiwa, siwezi kuichukua nikampa wa kitanda namba 7 halafu nikatiki kwenye chati kwamba namba 4 amepewa. Hata kama namba 7 anahitaji zaidi. Kosa kubwa ni ile tiki. Wa namba 4 analala akijua ametibiwa.

Slipu yangu ilikuwa tiki ya uongo, mara 22. Mama angetuita akasema, "Wanangu, hela imekwama, tufanyeje?", pengine tungemchangia. Hakutuuliza.

Tukakubaliana wafanyakazi wote, tukaandika barua NSSF. Wakaguzi wakaja, shirika likapangiwa kulipa kidogo kidogo pamoja na adhabu ya kuchelewa. Na adhabu hiyo wafadhili wengi hawakubali hela yao iilipe, kwa hiyo ilibidi wauze gari. Likizo yangu ya siku 84 nilipewa, na mshahara wake, maana hiyo inatoka kwa mwajiri. Ila la NSSF lilinipita. Kodi ya nyumba nilikopa. Michango yangu ilipokamilika, mwanangu alikuwa anatembea, na mimi nilishahama. Mama sikumchukia. Tukikutana namwamkia, anaitikia, anamuulizia mtoto.

Sasa wewe unayesoma. Usisubiri mimba, ajali au kustaafu. Wiki hii angalia taarifa yako ya michango, kwa simu au ofisini kwao. Hesabu miezi, linganisha na slipu. Slipu usitupe hata moja, mimi ndizo ziliniokoa. Na ukiona umekatwa hela ya WCF, uliza, maana ule mchango wa fidia kwa wafanyakazi analipa mwajiri peke yake.

Na wewe mwenye shirika, ninajua mnavyohangaika. Ila hela uliyomkata mfanyakazi siyo msaada wa kugawa. Ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapo wodini anakufanyia kazi.

Sehemu ya 10 nitawasimulia yule mama wa kifafa cha mimba. Alirudi. Lala salama.