Kuku mmoja, watoto saba

Hesabu hii haihitaji mwalimu: kuku ana mapaja mawili, na watoto ni saba. Watano ni wa dada yangu mkubwa, aliyeolewa viungani mwa mji wa Kajiado, na wawili ni wangu. Likizo ya Aprili mwaka uliopita hesabu hiyo ilitushinda. Nilikuwa nimepika kuku wa mchuzi, na sinia lilipowekwa mkekani, mikono miwili ilifika mapema kuliko mingine mitano. Kitinda mimba wa dada alilia mpaka akalala bila kula. Niliapa kwamba nitakaporudi, nitapika kuku asiyegombaniwa.

Basi shule zilipofungwa Desemba niliwachukua wanangu, tukapanda matatu jijini Nairobi. Gari liliifuata Barabara ya Mombasa hadi Athi River, kwenye viwanda vya saruji, kisha likakata kulia kushika barabara ya Namanga. Mwendo mfupi kutoka hapo tukawa tumeingia Kitengela, kituo ambacho wenyeji wa zamani wanakijua kwa jina la Noonkopir.

Kitengela ya leo ni mji unaokua kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kila uendapo ni majumba ya kupangisha, maduka ya mabati na saruji, na nyua za waya. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haikuzungushiwa ua upande wa kusini, na nyumbu na punda milia walizoea kutoka humo kwenda kutafuta malisho katika nyanda za Athi na Kapiti. Kijana wangu alizitazama zile nyua akaniuliza, "Mama, sasa wanyama wanapitia wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia anishikie kikapu.

Sokoni nilimkuta mama mmoja aliyepanga matundu yake ya kuku kando ya njia. Alikuwa na kuku wa gredi, weupe na wanene, na wa kienyeji wa kila rangi. Kuku wa gredi huiva upesi, lakini nyama yake hulegea mapema, na ukimjaza vitu tumboni anaweza kupasuka. Nilipomnyooshea kidole jogoo mmoja mkubwa mwekundu, yule mama alicheka.

"Huyo ni wa supu, mama watoto," alisema. "Ukitaka wa kujaza, chukua kijana."

Alinionyesha jinsi ya kumtambua. Jogoo mchanga huwa na kipi kifupi, yaani ule mwiba ulio nyuma ya mguu, na ncha ya mfupa wa kidari chake hupinda kidogo ukiibonyeza kwa kidole. Jogoo mzee mfupa wake ni mgumu kama ubao. Tulichagua kijana wa manyoya ya kijivu, akafungwa kamba mguuni na kutiwa katika katoni yenye matundu ya hewa. Binti yangu alikumbuka methali waliyofunzwa shuleni: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Utingo naye akauliza kama mgeni huyo atalipa nauli.

Tulipita Isinya, nyumba zikapungua, na migunga ikaanza. Mji wa Kajiado uko karibu kilomita 80 kutoka Nairobi, na jina lake limetokana na neno la Kimaasai Olkejuado, yaani mto mrefu. Lakini usidanganyike na jina hilo. Kutoka stendi hadi kwa dada tulipishana na punda waliobeba mitungi ya maji, na vumbi lilitufika magotini.

Huenda utauliza, kwa nini kubeba kuku kwenda Kajiado, nchi ya mbuzi na ng'ombe? Na kama ni kuku, je, dada hana? Anao. Mama mkwe wake, ambaye watoto humwita Kokoo, yaani nyanya, anafuga kuku kumi na wawili. Lakini hao hawachinjwi, na sababu yake ni chungu.

Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ukaendelea hadi mapema 2023 uliua mifugo wengi sana Kajiado. Boma hili halikusazwa. Ng'ombe ambao Kokoo aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama zao walianguka mbele ya macho yake. Alipobaki na wachache, binti yake alimletea tembe watatu. Leo mayai yao huuzwa katika kioski cha jirani, na ndiyo yanayonunua madaftari ya wajukuu. Kumchinja kuku anayetaga katika boma hilo ni sawa na kuchoma daftari.

Hata hivyo Kokoo mwenyewe hali kuku. Alilelewa wakati ambapo Wamaasai walikula vya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ndege hakuhesabiwa kuwa chakula. Kuku akipikwa, yeye huchukua kigoda chake akakaa nje. Hakuna anayemlazimisha, naye hamkatazi mtu.

Tulipofika, watoto walimwinamia awaguse vichwa kama ilivyo desturi. Mimi nilipomwambia kuwa nahitaji mayai manne na kwamba nitayalipia, aliingia ndani akayaleta katika kitambaa. Pesa zangu hakuzitazama.

Sasa tuje jikoni. Kuku wa kujazwa nilifunzwa Mombasa na mama aliyenipangisha chumba nilipokuwa kazini huko. Kwa kuku mmoja utahitaji mayai manne, viazi vinne, vitunguu maji viwili, karoti moja, hoho moja, punje nne za kitunguu saumu, dania, ndimu, kijiko kidogo cha bizari ya manjano, chumvi na mafuta. Pilipili kali iache, kwa kuwa unawapikia watoto.

Kila mtoto alipewa kazi. Mmoja alimenya viazi, mwingine akakata karoti, na mkubwa wao akatafuta sindano na uzi safi. Mayai huchemshwa mpaka yawe magumu na kuambuliwa. Viazi hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa nusu kuiva. Kaanga vitunguu, tia saumu, karoti, hoho, viazi, kisha maini na firigisi vilivyokatwakatwa. Vikiiva nyunyizia dania na ndimu. Shemeji yangu, ambaye firigisi ni haki yake kama baba wa nyumba, aliuliza imekwenda wapi. Niliomba radhi, akasamehe.

Mpake kuku chumvi, saumu na ndimu ndani na nje. Tia mayai mazima tumboni, zungushia vile viazi, lakini usishindilie. Vitakavyobaki vitapikwa pembeni yake. Mshone, umfunge miguu, na umweke jikoni papo hapo. Usimjaze usiku ili umpike asubuhi, maana chakula kilicho ndani kitaharibika.

Oveni hatukuwa nayo. Tulimlaza katika sufuria nzito na vikombe viwili vya maji, tukafunika, akachemka kwa moto mdogo kama saa moja. Maji yalipokaribia kukauka tulimpaka mafuta yenye bizari, tukapunguza makaa ya chini, na mengine tukayapanga juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa, tukimgeuza mara moja, alikuwa na rangi ya dhahabu. Dunga paja kwa kisu: maji yakitoka na wekundu, mrudishe motoni. Hakikisha pia vilivyo ndani ni vya moto mpaka katikati.

Watoto saba waliketi kimya nilipokata uzi. Yai la kwanza lilipochungulia, walipiga kelele mpaka mbwa akabweka. Niliitoa nyama yote mifupani, ya paja na ya kidari, nikaichanganya na viazi. Hakuna aliyeweza kujua paja liko wapi. Mayai niliyakata nusu nusu. Manne yakatoa vipande vinane, na watoto ni saba.

Kipande cha nane hakikugombaniwa. Yule kitinda mimba, aliyelala njaa Aprili, alikitia kiganjani akatoka nacho nje. Tulimwona akisimama mbele ya kigoda cha nyanya yake.

"Ni ya kuku wako, Kokoo," alisema.

Kokoo alikigeuza kile kipande mkononi kwa muda. Kisha alikula kiini chote, taratibu, na ile sehemu nyeupe akamrudishia mtoto. "Ashe," alisema, yaani asante. Hakuingia ndani, wala hatukumwita. Lakini kigoda chake alikuwa amekisogeza hadi mlangoni.

Wazazi wengi wa mjini hulalamika kwamba watoto wao huchagua vyakula na kugombania vinono. Wapeni kazi jikoni kwanza, kisha mgawe mbele ya macho yao. Jumapili ijayo jaribuni kuku huyu, na kabla ya kukata mayai, hesabuni walio mezani na walio nje. Mzidishe kipande kimoja.